Naomba ushauri: flash ya 2TB imenitia aibu kwa mteja

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kabla sijachanganyikiwa. Juzi nimenunua flash Kariakoo, imeandikwa 2TB, elfu kumi na tano tu, nikajiona mjanja kweli. Kuchomeka kwenye laptop inasoma 2TB kabisa, nikahamishia video za sendofu ya mteja, kama GB 90 hivi, zikaingia zote na mimi kwa akili zangu nikafuta kwenye memori kadi ya kamera maana kesho yake nina kazi nyingine. Leo nafungua, za mwanzo zinacheza freshi, zilizobaki majina yapo, ukubwa upo, ukibofya kioo cheusi. Fundi kaniambia ndani ni GB 32 tu, imechezewa ijidai kubwa, ikijaa kinachofuata kinapotea hivihivi.

Sasa ile kadi nimesharekodia tena kama dakika ishirini ndo nikashtuka nikaitoa. Kuna programu ya kurudisha vilivyofutwa? Nijaribu mwenyewe au nitaharibu zaidi? Na bi harusi anapiga simu toka asubuhi sijapokea, hivi namwambiaje jamani, hela yote alishalipa.