Mjadala: Insulini iuzwe kwa mwenye kadi ya kliniki tu?

Mtoa mada: Wadau wa Dodoma, habari za jioni. Kuna ushauri unaozunguka gym zetu: kijana asiye na kisukari ajichome insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, baada ya mazoezi, eti misuli inywe protini. Msimamo wangu ni kwamba famasia isimuuzie mtu insulini bila cheti cha daktari au kadi ya kliniki ya kisukari.

Wanaoutetea ushauri huo wana chembe ya ukweli. Insulini husaidia amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, kuingia kwenye seli za misuli, na humo ndani huamsha mTOR, mfumo unaosukuma utengenezaji wa protini. Lakini kwa mtu mzima kazi yake kubwa kwenye misuli ni kuzuia protini iliyopo isivunjwe. Ukiiongeza peke yake, amino asidi kwenye damu hushuka. Umeita mafundi saiti, tofali hazijafika.

Tena kinachohitajika ni kidogo mno. Mwaka 2008 mtafiti Greenhaff na wenzake, Uingereza, waliwawekea vijana wenye afya amino asidi kwa mshipa, huku insulini ikipandishwa kutoka miliyuniti 5 kwa lita hadi zaidi ya 160. Utengenezaji wa protini haukuongezeka kwa kupandisha insulini. Uvunjaji ulipungua ilipofika 30, basi, hapo juu hakuna nyongeza. Hiyo 30 unaipata kwa sahani ya ugali wa uwele na maharage, au samaki wa Bahi. Kongosho lako linaitoa bure!

Hatari yenyewe sasa. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3 kwa lita, ubongo unakosa chakula. Kijana anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Wenzake chumbani wanadhani kalewa, wanamfunika shuka alale. Huo ndio usingizi ninaouogopa.

Mama wa Kongwa: Mwanangu, nakuelewa, ila mtoto wangu ana kisukari cha aina ya kwanza, bila insulini haishi. Fridge hatuna, chupa tunaiweka kwenye chungu penye kivuli, na joto la huku unalijua. Ikiharibika Jumapili, cheti nitakitoa wapi? Mkibana, tutaumia sisi.

Mtoa mada: Shikamoo mama. Hilo ndilo lililonifanya niseme kadi, siyo cheti kipya kila mara. Muuzaji aangalie kadi, aandike tarehe na idadi ya chupa, akuhudumie hata Jumapili. Utaratibu utakaomrudisha mama kama wewe mlangoni, mimi mwenyewe nitaupinga.

Kocha wa Area C: Mtu mzima aamue mwili wake. Na wakubwa wa mchezo huu wa kutunisha misuli duniani wanaitumia, hilo halifichiki.

Mtoa mada: Kocha, wanaoitumia huichanganya na homoni nyingine na chakula kingi, halafu sifa inapewa insulini. Michezoni imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu. Na huyo mtu mzima unayemtetea, nani kamwambia kwamba dozi ya jana inaweza kumzimisha leo kwa sababu tu kafanya mazoezi zaidi au hakula? Ungemwambia wewe, kocha, ningelala vizuri.

Wenye famasia mliomo humu, Majengo, Sabasaba, popote: mteja akiomba insulini, mnamuuliza nini kabla ya kumpa?