Tupeane uzoefu: mashine za gemu zinazodumu huku nyanda za juu, na zile zilizotuponza

Mwanjelwa_Pedi
Wakuu salaam. Novemba 2024 Sony walitoa PS5 Pro kwa dola 699.99 bila sehemu ya diski, ukiitaka unainunua pembeni. Mwaka 2025 Nintendo wakaja na Switch 2, na baadhi ya kadi zake ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kulipakua. Vita ya hawa wakubwa sasa inatugusa moja kwa moja, maana vibanda vya gemu hapa Mbeya, kuanzia Kabwe mpaka Uyole, vinaishi kwa diski za kuazimana na mashine za mtumba. Anayejua ipi inastahimili huku, ipi inakufa na kwa nini, amwage hapa. Tutaje modeli na tatizo lenyewe, ushabiki tuuache mlangoni.

Mzee wa Miyomboni
Kamwene wadau. PS2 hadi kesho. Ilitoka Japani Machi 2000 na imeuza milioni 160 hivi, hakuna mashine ya sebuleni iliyoifikia. Sony walipiga hesabu mbili: inasoma diski za PS1, kwa hiyo aliyekuwa na magemu ya zamani hakuyatupa, na inacheza DVD wakati deki ya DVD peke yake bado ilikuwa mali. FIFA 14 ilitoka hata kwenye PS2, mwaka 2013. Miaka 13 mashine bado inapata mpira mpya!

Tunduma_Mpakani
Naunga mkono, ila ya mtumba isomeni namba kwanza. Geuza mashine, tafuta namba ya modeli inayoanza na SCPH, halafu angalia tarakimu ya mwisho. Ikiishia 0 ni ya Japani, volti 100. Ikiishia 1 ni ya Marekani, volti 120. Ikiishia 3 ni ya Uingereza na 4 ni ya Ulaya bara, hizo zinakubali umeme wetu wa 230. PS2 nene ina pawa saplai ndani ya tumbo. Ukichomeka ya Japani ukutani hapa, ukiwa na bahati inakatika fyuzi tu. Ukikosa bahati, kapasita kubwa karibu na waya unapoingilia inavimba kichwa, inapasuka na kutapika maji yake juu ya bodi. Dawa ni transfoma ya kushusha kutoka 230, ya VA 100 inatosha kabisa.

PS2 nyembamba za SCPH-70000 na kitu zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, hapo unabadilisha adapta tu na maisha yanaendelea. Angalizo: kuanzia SCPH-90000 walirudisha pawa saplai ndani, kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia kila PS2 nyembamba ni salama. Soma lebo.

Mzee wa Miyomboni
Hapo kwenye 90000 wengi ndipo wanapolia.

Kihesa_360
Mnazungumzia PS2 kwa raha, mmesahau balaa la Xbox 360. Taa tatu nyekundu. Ngoja niliweke lote, maana vijana wanaonunua 360 za mtumba leo hawajui wanachobeba.

Microsoft walikuwa na haraka ya kumtangulia Sony. Walitoka tarehe 22 Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, kwa dola 399 ile kamili na 299 ile ya kuanzia. Kwa upande wa soko ilikuwa hesabu safi: wakati PS3 inakuja Novemba 2006 kwa dola 499 na 599, Xbox ilishakuwa na magemu na wateja. Kampuni ya iSuppli iliifungua PS3 ya GB 60 ikakadiria kwamba vipande vyake vinagharimu zaidi ya dola 800, yaani Sony alikuwa anauza kwa hasara akitegemea Blu-ray na magemu yarudishe pesa. Lakini haraka ya Microsoft ililipiwa kwenye bodi. Chipu ya picha ilikaa chini ya deki ya DVD, kwa hiyo kipozeo chake kikafanywa kifupi. Bodi ilibanwa kwenye kipozeo kwa kibanio cha chuma chenye umbo la X, kikiivuta kutoka upande wa nyuma. Mashine ikiwaka joto linapanda, ikizimwa inapoa, na kila mzunguko vile viunganishi vidogo vya kuishikilia chipu vinatanuka na kusinyaa mpaka vinapasuka. Hapo ndipo robo tatu za duara la taa zinawaka nyekundu. Julai 2007 Microsoft waliongeza dhamana ya tatizo hilo kuwa miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kulipia. Bilioni, wakuu!

Sasa tazameni hali yetu. Watu wanasema Mbeya na Iringa kuna baridi, kwa hiyo mashine inapona. Siyo hivyo. Kinachoua ni kule kupanda na kushuka kwa joto, na chumba cha Julai kinachoanza na nyuzi 8 asubuhi kinaupa mzunguko huo nafasi kubwa zaidi kuliko chumba cha Dar kilicho na joto muda wote. Halafu Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Joto likiwa sawa, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 na zaidi, kwa hiyo feni ile ile inaondoa joto pungufu kuliko inavyoondoa Kigamboni.

Namna ya kuitambua bila kuifungua: soma lebo ya tofali la umeme, yaani ile adapta yake ya nje. 12V na ampea 16.5, hiyo ndiyo ya mwanzo kabisa, ikimbie. Ampea 14.2 ina prosesa iliyopunguzwa ukubwa, afadhali. Ampea 12.1 ni ya kuanzia 2008, hiyo imetulia. Hakikisha tofali ndilo lililokuja na mashine yake, tundu za plagi zinatofautiana lakini watu wanazichonga zikaingia kwa nguvu. Na tofali la Marekani limeandikwa 100–127V, usilithubutu ukutani.

Ilula_Nyanya
Taa tatu nyekundu... we acha tu.

Fundi_Sokomatola
Kihesa umeeleza vizuri ila hujawapa dawa. 360 yenye taa tatu unaifungua, unatoa kibanio cha X, unaweka skrubu za milimita 5 na washa zake, unapaka pesti mpya ya kupitisha joto, halafu unaipasha chipu kwa blowa. Inawaka.

Kihesa_360
Inawaka wiki ngapi, fundi? Ukipasha chipu unavisogeza tu viunganishi vilivyopasuka vigusane tena. Ufa uko ndani, kati ya kipande cha silikoni na kibao chake. Blowa ya juu juu hailifikii tatizo, na unakausha kapasita za jirani. Kumuuzia mtu mashine ya namna hiyo ni kumwibia.

Fundi_Sokomatola
Nakubali haidumu. Lakini pesti na skrubu kwa mashine ambayo BADO nzima zinasaidia, hapo hatugombani. Mteja aambiwe ukweli kabla hajalipa.

Dada_Uyole
Dawa ya 360 ni kununua ile nyembamba ya 2010. Prosesa na chipu ya picha wameziunganisha kuwa moja, tofali ni ampea 10.83, na lile duara la taa tatu halipo tena. Ila mjue FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwa 360 na PS3. Wateja wanaotaka vikosi vipya hawatakaa.

Makambako_Njiapanda
Mmechimba bodi vizuri, lakini pigo kubwa zaidi lilikuwa Juni 2013, na lilihusu diski, kile alichoanzisha mwenye mada. Microsoft walipoeleza masharti ya Xbox One walisema mashine lazima iingie intaneti angalau mara moja kila saa 24, isipoingia magemu hayachezeki hata kama diski unayo mkononi. Gemu la mkononi mwa mtu lingeandikwa kwenye akaunti yake, kuliuza au kuliazimisha kungepitia masharti yao. Fikiria Ludewa au Makete, mnara umelala siku mbili, na kibanda kizima kimefungwa na watu wa Marekani.

Sony walipopanda jukwaani kwenye maonyesho ya magemu ya E3 walisema diski ya PS4 utaiuza, utaiazimisha, utaiweka milele, na bei ni dola 399. Xbox One ilikuwa 499 kwa sababu walimlazimisha kila mtu kununua Kinect, kamera yao ya kufuatilia mwendo. Tarehe 19 Juni Microsoft wakafuta masharti yote, lakini jina lilishachafuka. Na ndani ya sanduku Sony alikuwa mbele pia: wote walinunua prosesa ya AMD ya kori 8 na RAM GB 8, ila Sony aliweka GDDR5 iliyo kasi, Microsoft akaweka DDR3 ya polepole na kumbukumbu ndogo ya kasi ya MB 32 ya kuisaidia. Nguvu ya picha ikawa terafulopu 1.84 kwa 1.31. Kinect nayo ilitengewa asilimia 10 ya chipu ya picha mpaka walipoiachia mwaka 2014. Ndiyo maana vibanda vyote vya barabara kuu, Mafinga mpaka Tunduma, unakuta PS4.

Mwanjelwa_Pedi
Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta!!

Ilula_Nyanya
Saa 24? Kumbe tulinusurika.

Songwe_Xbox
Mnaikandamiza Microsoft. Leo Series S ni ndogo, ilitoka kwa dola 299 wakati PS5 yenye diski ilitoka kwa 499, na inakula wati 80 hivi ukicheza dhidi ya 200 za PS5.

Makambako_Njiapanda
Haina sehemu ya diski. Kila gemu ni bando, na GB 512 zake hazibaki zote baada ya mfumo. Kwa mtu wa nyumbani mwenye faiba, sawa. Kwa kibanda, hapana.

Songwe_Xbox
Kwa nyumbani basi tumekubaliana.

Dada_Uyole
Kwa kibanda tupige hesabu za LUKU. PS4 nene inakula wati 140 hivi, TV ya LED ya inchi 32 wati 50. Jumla 190, saa 10 ni uniti 1.9. PS4 Slim ya 2016 ina chipu ile ile ya kazi lakini imetengenezwa kwa nanomita 16 badala ya 28, inakula kama wati 80. Slim na TV ni uniti 1.3 kwa saa 10. Tofauti ni uniti 0.6 kwa siku, 18 kwa mwezi kwa seti moja. Mwenye seti 4 anaokoa uniti 72. Kwa hiyo ile nene inayouzwa bei poa kidogo siyo rahisi kama inavyoonekana. Na EA Sports FC 26 bado imetoka kwa PS4, mteja wa mpira hajaachwa.

Tukuyu_Mvua
Kwa Rungwe tatizo ni unyevu. Mashine iliyolala sehemu ya baridi ukiingiza chumba chenye watu na jiko la mkaa, maji yanajikusanya ndani kwenye bodi na kwenye jicho la kusomea diski. Iache imezimwa saa 1 au 2 kabla ya kuwasha. Usiifunike kwa nailoni usiku, kitambaa chepesi kinatosha.

Fundi_Sokomatola
Na vumbi la Agosti. PS4 ikianza kuvuma kama ndege, fungua kwa bisibisi ya T8 yenye tundu katikati, toa pawa saplai, shika feni kwa kidole ndipo upulize, ikizungushwa na upepo wa kompresa beringi inaharibika. Futa pesti ya zamani kwa spiriti ya asilimia 99, paka mpya tabaka jembamba lifunike chipu yote. PS5 msiijaribu kwa mtindo huo, mle kuna metali ya kimiminika, inapitisha umeme, tone moja likigusa bodi umeua mashine.

Njombe_Baridi
Nintendo hamjamgusa kabisa. Yeye hakimbizani na nguvu. Wii ya 2006 ilikuwa dola 249 na ikauza milioni 101, Wii U ikaanguka na milioni 13.5, Switch ikapita milioni 150 kwa chipu ya Tegra ambayo haikuwa mpya hata siku inatoka. Inakula umeme kiduchu na ina betri yake, umeme ukikatika unaendelea.

Dada_Uyole
Vijiti vya Joy-Con, zile pedi za Switch, vinaanza kutembea vyenyewe, na ukivipa wateja 30 kwa siku utanunua vingine kila mara. Kwa watoto wa nyumbani iko vizuri.

Ilula_Nyanya
Wakuu, msaada. PS4 ya mtumba, umeme ulikatika katikati ya mechi, sasa inaishia kwenye skrini nyeusi ikidai niunganishe fleshi. Fundi mmoja anasema bodi, mwingine anasema tupa.

Fundi_Sokomatola
Bodi haina tatizo, hadidiski ndiyo imevurugika mfumo. Fleshi ya GB 8, ifomati FAT32. Tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote herufi kubwa. Pakua faili la kusakinisha upya mfumo kutoka tovuti ya Sony, siyo lile dogo la kuongeza toleo, lipe jina PS4UPDATE.PUP uliweke humo. Zima mashine, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilia mpaka usikie mlio wa pili, sekunde kama 7. Unganisha pedi kwa waya, chagua namba 7. Inafuta kila kitu, magemu utasakinisha tena kutoka kwenye diski.

Tunduma_Mpakani
Ikigoma katikati ya kusakinisha, hadidiski yenyewe imekufa. Weka nyingine ya SATA inchi 2.5 yenye unene usiozidi milimita 9.5, rudia hatua zile zile. Na ukiwa umeifungua, badilisha betri ya CR2032 kabisa. Mashine yenye mfumo wa chini ya 9.00 betri hiyo ikifa na intaneti haipo, hata diski haichezi.

Dada_Uyole
Halafu UPS ya VA 650. Slim na TV inazishika dakika 10 na kitu, unamaliza mechi na kuzima vizuri.

Ilula_Nyanya
Namba 7 imekubali, inasoma asilimia 40 sasa hivi. Betri nitaifuata Iringa mjini, pale Mashine Tatu, kesho.