Syncthing, git, git-annex au Nextcloud: programa anayezunguka na begi atumie nini?

Pweza_wa_Terminali
Wakuu habari za saa hizi. Naomba tulinganishe kwa kina maana nimesoma sana mabishano ya juu juu. Vifaa vyangu ni laptopu ndogo ya inchi 13, simu, na Raspberry Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja) ambayo inakaa tu kwenye begi. Sitaki kazi zangu zikae kwenye kompyuta za kampuni ambayo siku ikibadili masharti ndo basi tena, halafu intaneti yangu ni ya kuja na kukatika. Naona njia nne za kuweka mafaili yawe sawa kwenye vifaa vyote: Syncthing (inasawazisha folda kifaa kwa kifaa) kwa kila kitu, git (inatunza historia ya msimbo) kwa kila kitu, git-annex (nyongeza ya git ya mafaili makubwa), au niweke Nextcloud (hifadhi ya wingu unayoiendesha mwenyewe) kwenye seva yangu. Nani anatumia nini? Sifa nishazisoma, nipeni kinachokera.

msimbo_na_chumvi
Syncthing mkuu, usizunguke. Vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, vikiwa kwenye wifi moja hata intaneti havihitaji, vikiwa mbali na njia ya moja kwa moja imegoma vinapitia rilei (seva ya kati), na hiyo rilei inapitisha tu data iliyosimbwa, haiwezi kuisoma. Unaunganisha kwa kuskani kodi ya QR basi, hakuna kufungua akaunti popote.

Kinachokera sasa. Ukihariri faili moja kwenye laptopu na kwenye simu kabla hazijaonana, hakipotei kitu ila utakuta kando ya faili lako kuna lidude linaitwa mipango.sync-conflict-20250314-081522-K7QXB2M.md, na ni wewe ukae uyafungue yote mawili ujue kipi kiende wapi. Kwa notisi navumilia. Ila tafadhali usiweke ripo (hazina ya mradi) ya git ndani ya folda ya Syncthing ukaitumia pande mbili, maana Syncthing inaona mafaili tu, haijui kwamba kwenye .git kuna mpangilio, inaweza kupeleka kiashiria cha tawi (mstari mmoja wa mabadiliko) kabla ya kitu chenyewe kinachoelekezewa, ukifungua upande wa pili git inalalamika object (hicho kitu) haipo na asubuhi yako imeishia hapo. Na kwenye Android, programu rasmi ilisitishwa mwishoni mwa 2024, watu wengi tumehamia Syncthing-Fork.

Bi_Kibodi
Kwa msimbo mi sioni mjadala, ni git, na simaanishi tovuti za git, namaanisha git yenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliiandika 2005 na tangu siku ya kwanza kila kloni (nakala ya mradi) inabeba historia yote, hakuna iliyo kubwa kuliko nyingine. Hiyo Pi yako iwekee ripo tupu (git init --bare), laptopu inapushi (inatuma mabadiliko) kwa ssh, njia salama ya kuingia kifaa kingine, umemaliza.

Watu wanasahau git bundle. Unaandika git bundle create mradi.bundle --all, unapata faili moja, unalitupia kwenye flashi, na mwenzio analikloni kama vile ni seva. Na kwa kuwa ni faili moja hata flashi ikiwa ya mfumo wa exFAT, usiojua ruhusa za faili wala simlinki (kiungo kinachoelekeza kwenye faili jingine), haiharibu kitu. Nimefanya kazi na wenzangu hivyo sehemu isiyo na mtandao kabisa na haikuwa shida, shida ilikuwa kumkumbusha mtu arudishe flashi 😅

Kinachokera: faili kubwa. Ukikomiti (ukiingiza kwenye historia) video halafu ukaifuta, imefutika machoni pako tu, kwenye historia ipo na kila atakayekloni ataibeba.

kadi_imejaa
Na hapo dada ndo git-annex inapoingia. Joey Hess aliianza 2010 kwa tatizo hilohilo, mafaili makubwa yaliyotawanyika kwenye diski nyingi. Git inatunza majina na kumbukumbu ya nani anacho, yaliyomo yenyewe yanakaa popote, diski ya nje, Pi, seva ya rafiki. Unauliza git annex whereis inakwambia nakala ziko wapi hata kama hiyo diski umeiacha kabatini. Ukitaka kupunguza nafasi kwenye laptopu unasema git annex drop, na kama haijajiridhisha kwamba kuna nakala za kutosha kwingine inakukatalia. Mimi nimeiwekea numcopies 2 (nakala zisipungue mbili) na nalala vizuri.

Ila siwadanganyi, kuizoea ni kazi. Kawaida faili lako linageuzwa simlinki na baadhi ya programu za kuhariri zinachanganyikiwa nalo, na ukiipeleka kwenye exFAT inabadili tawi lenyewe kwenda hali nyingine kabisa, mtu mgeni anadhani ameharibu.

seva_sio_dhambi
Mnaisema Nextcloud kama mwizi 😂 Nyie mnafanya kazi peke yenu. Mimi nina watu wanaotaka kalenda, namba za simu na picha, hawajui ssh na hawataki kuijua. Wanafungua kwenye kivinjari wanaona folda, kwisha. Ugatuzi (kutotegemea sehemu moja) kwangu ni kwamba kila mtu anaweza kuwa na seva yake, sio lazima kila kifaa kiwe seva.

Ukweli lakini: ikizima imezima kwa wote, na ukichelewa kusasisha huwezi kuruka matoleo makubwa, lazima upande moja moja hadi ufike. Na usijaribu kwenye Zero 2 W, memori ya MB 512 na PHP na databesi juu yake, hapana mkuu.

Pweza_wa_Terminali
Aisee nashukuru. Sasa kitu kimoja naona hakuna aliyekigusa. Syncthing inataka vifaa viwili viwe macho kwa wakati mmoja. Mi nikifunga laptopu, simu nayo imelala, nikiwasha simu laptopu imefungwa. Notisi za jana bado ziko upande mmoja.

nusu_wati
Hapo ndo umegusa penyewe mkuu, wengi wanabadilisha programu wakati tatizo ni hakuna kifaa kinachokesha. Pi yako ndo ikeshe, inakula kama wati moja hivi ikiwa haina kazi.

Ila kwenye begi itakula umeme wa pawabenki, na pawabenki zina vituko. Nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo zinadhani simu imejaa zinajizima, na Pi Zero inavuta kidogo kweli. Nyingine ukichomeka au kuchomoa chaja yake zinakata umeme kwa kufumba na kufumbua, simu haitambui ila Pi inajiwasha upya, ikijirudia memori kadi inaweza kufa. Kwa hiyo tafuta yenye modi ya umeme mdogo na ujaribu hilo la kuchomoa kabla hujaiamini. Hesabu nayo usidanganywe na namba ya nje: mAh 20,000 ni kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74, na kupandisha volti kunakula sehemu yake. Ukisafiri kwa ndege mwisho ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa ya shirika.

Na wifi za watu mara nyingi zinazuia vifaa kuonana, mko mtandao mmoja lakini Syncthing haioni kitu. Zero 2 W ina raha moja: iweke kwenye modi ya gajeti, ichomeke kwenye USB ya laptopu, waya huohuo unaipa umeme na inajitokeza kama kadi ya mtandao. Unapushi bila wifi yoyote.

Bi_Kibodi
Kwani simu ya zamani isikeshe yenyewe? Ina betri ndani, ina skrini, Termux (programu ya terminali ya Android) inaendesha ssh na git vizuri tu.

msimbo_na_chumvi
Hadi Android iamue kuua. Kuanzia Android 12 kuna kikomo cha michakato 32 ya pembeni (ile inayoanzishwa na programu kama Termux) kwa simu nzima, ukizidisha zinaanza kuondolewa kimyakimya. Na simu iliyochomekwa mfululizo ikiwa asilimia 100, betri inaweza kuvimba. Mi nilirudi kwenye Pi.

kisiwa_cha_pili
Nichomekee moja. Mnasema git imegatuliwa, sawa, lakini orodha ya hitilafu na mijadala ya kila pachi (badiliko linalopendekezwa) iko wapi? Kwenye tovuti moja. Msimbo unahama kwa amri moja, mijadala ya miaka haihami kirahisi. Kerneli (kiini) ya Linux inatumia pachi kwa barua pepe hadi leo, kila mtu ana nakala. Radicle, mtandao wa kushirikiana msimbo bila seva kuu, yenyewe inaweka hayo yote ndani ya git na kuyasambaza kati ya vifaa. Kasoro yake ni watu, wachangiaji wako wengi hawapo huko.

Pweza_wa_Terminali
Basi mimi: msimbo kwa git kwenda Pi, notisi kwa Syncthing, picha na video git-annex nikipata nguvu ya kujifunza. Nextcloud hapana, samahani @seva_sio_dhambi. Swali la mwisho, Pi iko kwenye begi, begi likiibiwa je?

nusu_wati
Kwa Syncthing, upande wa Pi fanya folda ya kupokea iliyosimbwa. Nywila unaiweka kwenye laptopu na simu tu, Pi inahifadhi na kusambaza bila kujua imebeba nini. Hata majina ya mafaili hayasomeki. Ripo za git hazipati kinga hiyo, kwa hizo simba diski kwa LUKS (usimbaji wa diski wa Linux), ila kila ikijizima itabidi uingie uifungue mwenyewe, ndo maana nikakwambia ujaribu pawabenki kwanza.