Naomba ushauri: je, inafaa kucheza chakacha mbele ya wanaume?

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi Leeds, Uingereza, ambako huhudhuria darasa la densi ya tumbo ya Kimisri, ile iitwayo raqs sharqi. Mwezi ujao wanafunzi tutafanya hafla katika ukumbi wa mtaa. Hakuna mchezaji wa kulipwa, na watazamaji watakuwa jamaa na majirani, wake kwa waume.

Mwalimu wetu, baada ya kusikia kwamba kwetu pwani tuna chakacha, ngoma ya kuzungusha kiuno, ameniomba niicheze mara baada ya densi ya fimbo ya Saidi, yaani ya kusini mwa Misri, nikiwa nimejifunga leso kiunoni badala ya mkanda wenye visarafu vinavyolia. Naithamini heshima hiyo, ila chakacha niliyolelewa nayo huchezwa na wanawake peke yao harusini, na sina hakika kama inafaa kuicheza mbele ya wanaume, tena wenye simu zinazorekodi kila kitu. (Najua bendi za hoteli zilishaipandisha jukwaani zamani, lakini hoteli si kipimo changu.)

Je, mlio ughaibuni mmelitatuaje jambo hili? Niombe sehemu ya wanawake pekee mwanzoni mwa jioni, au nivae dera refu na kuomba watu wasirekodi? Vilevile, chakacha huenda kwa mapigo ya 6/8, ilhali mpiga tabla wetu (ngoma ya Kimisri) amezoea mdundo wa maqsum wa 4/4. Mwenye rekodi nzuri ya ngoma tupu, isiyo na nyimbo zenye mafumbo ya matusi, tafadhali anielekeze.