Kuchangia Tor Browser kwa laptopu ya RAM 8GB: nianzie wapi?

githurai_js

Habari wadau,

Naandika JavaScript kila siku. C++ naisoma vizuri, kuiandika ndiyo bado. Nataka kuanza kuchangia Tor Browser (kivinjari cha kuficha utambulisho, kilichojengwa juu ya Firefox), na mbele ya safari ikiwezekana iwe kazi ya kulipwa. Nimekwama mahali patatu:

1. Laptopu ni ex-UK ya kawaida: RAM 8GB, SSD 256GB, Ubuntu. Nikikompaili Firefox (nimeona nianze na mama kabla ya mtoto) inafika karibu na mwisho kisha inakatika na `signal: 9, SIGKILL: kill`. Nikirudia, inakatika palepale.

2. Wazo la kiraka cha kwanza (badiliko la msimbo la kutuma kwao): ndani ya Tor Browser saa inasomeka UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo fomu nyingi za hapa Kenya zinakuwa nyuma kwa saa tatu. Nataka kuongeza sehemu kwenye mipangilio ili mtu achague Africa/Nairobi. Ni mistari michache tu. Kitakubaliwa?

3. Mtu aliye Nairobi anafikaje kwenye kulipwa?

Bando langu ni la kuhesabu. Kama kuna namna ya kutoshusha hazina nzima ya Git, niambieni pia.

---

fundi_viraka

`signal: 9` si kosa la msimbo wako wala wa Mozilla. RAM imeisha, kernel (kiini cha mfumo) ikachagua programu ya kuua. Thibitisha:

`sudo dmesg | grep -i "killed process"`

Ukiona `rustc` kwenye mstari huo, basi umefia kwenye `gkrust`, pale msimbo wote wa Rust unapokusanywa kuwa kitu kimoja. Mchakato huo mmoja unameza gigabaiti kadhaa peke yake. Ukiwa na kivinjari kingine chenye tabo ishirini pembeni, umekwisha. Ukiona `ld` au `lld`, umefia kwenye kuunganisha `libxul` (maktaba kuu ya Firefox), na dawa ni ileile.

Lakini kwanza jiulize kama unahitaji kukompaili C++ na Rust. Kwa kazi ya JavaScript, CSS na HTML, tumia ujenzi wa artifact: sehemu nzito unazishusha zikiwa zimeshakompailiwa kwenye seva za Mozilla, wewe unajenga za juu tu. Kwenye `./mach bootstrap` chagua namba 1, au andika hivi kwenye faili la `mozconfig`:

`ac_add_options --enable-artifact-builds`

Halafu `./mach build`, kisha `./mach run`. Inachukua dakika, si nusu siku. Baada ya hapo ukibadilisha JS peke yake, `./mach build faster` inatosha.

Njia hii ina mipaka miwili. Ukigusa faili la `.cpp` au `.rs`, mabadiliko hayo hayataingia, na utamaliza jioni nzima ukijiuliza kwa nini. Na unachoshusha ni Firefox ya Mozilla, haina viraka vya C++ vya Tor Browser. Inafaa kujifunzia na kutuma viraka Mozilla. Haifai kupima kazi ya ndani ya Tor Browser.

Siku ya kujenga kila kitu, toa ule mstari wa artifact, ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM), punguza kazi zinazoenda sambamba:

`sudo fallocate -l 12G /swap2`
`sudo chmod 600 /swap2`
`sudo mkswap /swap2`
`sudo swapon /swap2`

Jina liwe `/swap2`, kwa sababu Ubuntu huenda tayari inatumia `/swapfile` na itakukatalia. Kwenye `mozconfig`:

`mk_add_options MOZ_PARALLEL_BUILD=2`
`ac_add_options --disable-debug-symbols`
`ac_add_options --with-ccache`

Acha kama 40GB wazi kwenye diski. Itachukua masaa, iache ilale ikifanya kazi. Stima ikipotea katikati, `./mach build` huendelea ilipoachia, ila faili moja la `.o` linaweza kubaki tupu na kukuletea makosa yasiyoeleweka. Hapo `find obj-* -name "*.o" -size 0 -delete` huokoa mengi kabla hujafikia `./mach clobber`, ambayo inafuta kila kitu. Ile ccache niliyotaja (inayohifadhi matokeo ya kukompaili) ndiyo bima yako: hata ukifuta, C++ iliyokwisha kukompailiwa hairudiwi upya.

Kuhusu bando: `git clone` ikikatika njiani haiendelei, inaanza mwanzo. Tumia

`git clone --filter=blob:none https://github.com/mozilla-firefox/firefox`

Hiyo inaleta historia ya mabadiliko bila kuleta kila toleo la kila faili. Usitumie `--depth 1`. Ujenzi wa artifact hutafuta nyuma kwenye historia mabadiliko ambayo seva zimeshayakompaili, na ukiwa na hatua moja tu ya historia hakuna cha kutafuta.

---

bi_pikseli

Nijibu la pili, kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi wenye nia njema.

Kiraka hicho kitakataliwa, hata kikiandikwa vizuri namna gani.

Fungua konsoli kwenye Firefox ya kawaida hapa Nairobi uandike:

`new Date().getTimezoneOffset()`

Inarudisha `-180`. Washa `privacy.resistFingerprinting` (ulinzi wa kuzuia tovuti zisikutambue kwa sifa za kivinjari chako) kwenye `about:config`, pakia ukurasa upya, rudia: `0`. Tovuti haijui uko Nairobi, Addis Ababa au Helsinki. Sasa weka kile kitu chako. Kati ya watumiaji wote wa Tor Browser duniani, ni wangapi watachagua Africa/Nairobi? Hao wachache, pamoja na upana wa dirisha na lugha, wanabaki kikundi cha watu wanaohesabika kwa vidole. Umemjengea mtu mlango wa kujitoa kwenye umati, halafu ukamwandikia "faragha" juu yake.

Ndiyo maana kanuni ya mradi huu ni kupunguza mipangilio ya faragha, si kuiongeza. Kivinjari hiki hakikufichi kwa kukufanya uonekane tofauti kila mara. Kinakufanya ufanane na wengine. Tazama dirisha: skrini ya laptopu yako pengine ni 1366x768. Ukilipanua lote, ukurasa unabaki na kama 1366x650, kisha letterboxing (kupunguza eneo la ukurasa hadi vipimo vya pamoja) inakata upana hadi 1200 na urefu hadi 600. Ile mipaka ya kijivu ambayo watu huiita ubovu ndiyo kazi yenyewe.

Lugha ni hivyohivyo. Kichwa cha `Accept-Language` (lugha ambayo kivinjari huiomba tovuti) kinachoanza na `sw` ni nadra sana, kwa hiyo kivinjari hukuuliza kama kiombe kurasa kwa Kiingereza (`privacy.spoof_english`: 0 uliza, 1 hapana, 2 ndiyo). Inauma kwa sisi tunaotaka Kiswahili kionekane mtandaoni, lakini kwa anayejificha jibu ni 2.

Tatizo uliloona ni la kweli hata hivyo, na si la saa tatu tu. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, UTC bado iko siku ya jana. Mtu akijaza fomu saa saba usiku, kivinjari kinasema ni saa nne usiku ya jana, na fomu inayodai "tarehe ya leo" inamkataa. Marekebisho yako upande wa tovuti: tarehe ihesabiwe kwenye seva, isiaminiwe ya kivinjari. Mwandikie mwenye tovuti. Ukitaka kuona msimbo wenyewe, anza na `toolkit/components/resistfingerprinting/nsRFPService.cpp`, na majaribio yako hapa:

`./mach test browser/components/resistfingerprinting/test/browser`

Yasome kabla ya kuandika chochote. Yanaeleza kinachotarajiwa kuliko maelezo mengi yaliyoandikwa.

---

fundi_viraka

Kuongezea tu: hata wazo zuri lina bei. Tor Browser ni Firefox ESR (toleo linalotunzwa kwa muda mrefu) pamoja na rundo la viraka. ESR hubadilika karibu kila mwaka: 115 ilitoka 2023, 128 ikatoka 2024, 140 ikatoka 2025. Kila mara viraka vyote vinahamishiwa kwenye msingi mpya. Kiraka cha mistari 20 kinachogusa faili ambalo Mozilla hulibadilisha kila mwezi ni deni la kudumu kwa watu wachache.

Na kuhama kwenyewe ni nusu tu ya kazi. Kutoka 128 hadi 140 ni matoleo 12, na kila kipya ndani yake lazima kipitiwe: je, kuna API (njia ya tovuti kuongea na kivinjari) inayovujisha kitu? Kuna ombi linalopita nje ya proksi (njia ya Tor)? Kuna takwimu zinazotumwa? Mtu mwenye subira ya kusoma mabadiliko ya wengine anathaminiwa huko kuliko mwenye mawazo mapya kumi.

Kwa hiyo:

- Kama kiraka kinaweza kuingia Firefox, kipeleke Mozilla kwanza. Tangu 2016 kazi nyingi za Tor zimehamishiwa huko kwa makusudi, `privacy.resistFingerprinting` ikiwemo. Tafuta hitilafu kwenye Bugzilla (orodha ya hitilafu ya Mozilla) zenye neno kuu `good-first-bug`, soma msimbo kwenye Searchfox (tovuti ya kutafuta ndani ya msimbo wa Firefox), tuma kwa wahakiki kwa `moz-phab submit`. Ujumbe uwe `Bug 1234567 - Maelezo mafupi kwa Kiingereza. r=#kundi`. Endesha `./mach lint` kabla, la sivyo roboti itakuaibisha mbele ya mhakiki.

- Kama ni cha Tor Browser peke yake, nenda GitLab yao. Unaporekebisha kiraka kilichopo, usiongeze kingine juu yake. Tumia `git commit --fixup=<namba ya kiraka cha asili>`, ili wakati wa kuhama `git rebase --autosquash` ikimeze mahali pake. Baada ya kuhama, linganisha mirundo miwili kwa `git range-diff`. Hapo ndipo utagundua mgongano ulioutatua kwa kufuta mstari uliokuwa muhimu.

---

githurai_js

Asanteni sana. Artifact imekubali. Wazo la saa nimeliacha, dada bi_pikseli, nimeelewa.

Swali moja zaidi. Kuna fomu inataka picha ya kitambulisho. Kwenye Tor Browser picha inapakiwa lakini inatokea kama mistari ya rangi tu. Niripoti kama hitilafu, ama ndiyo kufanana kulekule?

---

bi_pikseli

Ni ulinzi wa kanvasi. Fomu hiyo inapunguza ukubwa wa picha ndani ya kivinjari kabla ya kuituma: inaichora kwenye `<canvas>`, kisha inaisoma upya. Kusoma kanvasi ndiko kunakotumika kuwatambua watu, kwa sababu kadi za picha na fonti huchora kwa tofauti ndogondogo, hivyo kivinjari kinarudisha takataka badala ya picha. Tafuta alama ndogo ya picha kwenye upau wa anwani. Ukiruhusu tovuti hiyo moja, picha itapita.

Kabla ya kuripoti tatizo lolote la tovuti, litenganishe kwa mpangilio huu:

1. Firefox mpya, wasifu mtupu (`./mach run --temp-profile`). Ikifeli hapo, tovuti yenyewe ni mbovu.
2. Firefox hiyohiyo, washa `privacy.resistFingerprinting`. Ikifeli sasa, ni ulinzi. Ripoti inaenda Bugzilla, ikiwa na hatua za kurudia.
3. Mullvad Browser, iliyotoka 2023: imetengenezwa na Tor Project na inabeba karibu ulinzi uleule bila mtandao wa Tor. Ikifanya kazi hapo lakini ikafeli kwenye Tor Browser, mara nyingi tovuti imezuia vituo vya kutokea vya Tor (seva za mwisho ambazo tovuti huziona). Benki hufanya hivyo sana. Hakuna kiraka cha kivinjari kitakachorekebisha hilo.

Ripoti inayosema "imefeli hatua ya 2, haikufeli ya 1" husomwa haraka. Ile ya "Tor Browser haifungui fomu" hukaa.

---

mzee_wa_terminali

La malipo halijajibiwa. Njia iliyo wazi zaidi kwa anayeanza ni Outreachy (mafunzo ya kazi yenye malipo kwenye miradi huria): miezi mitatu, masaa 30 kwa wiki, dola 7,000 za Marekani, kazi ya mbali, awamu mbili kwa mwaka (Mei na Desemba). Tor Project na Mozilla zote zimewahi kushiriki, lakini orodha ya miradi hubadilika kila awamu, itazame mapema. Kwanza kuna ombi la awali lenye maswali ya insha, kisha kipindi cha michango ambapo unatuma viraka halisi. Wengi hutupwa kwenye ile insha kwa kuijibu juujuu. Google Summer of Code ipo pia, ila malipo yake hutegemea nchi uliyopo.

Kwa kazi ya kudumu, watakachosoma ni viraka vilivyokubaliwa na namna ulivyojibu wahakiki. Chagua eneo moja dogo na ukae nalo. Viraka vitano kwenye letterboxing vinaonekana kuliko kumi vilivyotawanyika kila mahali.

Na kuhusu saa: ukiuliza kwenye `#tor-browser-dev` (chumba cha gumzo cha IRC, kwenye mtandao wa OFTC), usiandike "hello" ukasubiri. Andika swali zima pamoja na kosa lenyewe na tawi unalotumia, kisha uache dirisha wazi. Aliye Marekani magharibi yuko nyuma yetu kwa saa kumi au kumi na moja. Swali likiwa nusu, jibu la kwanza utakalopata litakuwa swali lingine, na siku imekwisha.