Binzari ya manjano kwa goti lililovimba, nakosea wapi?

Wakuu, habari. Niko Uyole, Mbeya. Goti la kulia limenivimba tangu tumalize kuvuna viazi. Asubuhi, na baridi hii ya Juni, nashuka kitandani kama babu wa miaka 90. Jirani kaniambia ninywe binzari. Nikanunua ya unga sokoni Mwanjelwa, nikakoroga kijiko kizima kwenye maji ya moto, siku nne mfululizo. Nilichoambulia ni kiungulia na kikombe cha njano kisichotakata hata kwa majivu.

Jibu 1: Pole, ndugu yangu. Maji matupu ndiyo kosa. Kurkumini, yaani kile kiini cha njano kilichomo kwenye binzari, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inataka mafuta. Mimi huku Tukuyu nachemsha kikombe cha maziwa yenye mafuta yake, nusu kijiko cha chai cha binzari, na punje tano za pilipili manga nilizotwanga. Hizo punje usiziache: zina piperini, inayosaidia mwili kufyonza kurkumini. Ila usitegemee muujiza wa usiku mmoja.

Jibu 2: Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una mawe kwenye nyongo, muone daktari kwanza. Na goti likiwa la moto, jekundu, na homa juu, hilo si la jikoni tena. Wahi hospitali.

Muulizaji: Sina dawa ninayotumia, goti halina moto. Maziwa nimechemsha jana. Mwanangu kaja na ugali wake mkononi, kadhani ni mchuzi.