Naombeni ushauri: stori ya Malkia Anne niianzie wapi darasani?

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia kidato cha tano na wiki ijayo nina dakika 40 za kueleza ilikuwaje mwaka 1714 Waingereza wakachukua mfalme kutoka Ujerumani. Notisi nimeanza na sheria ya 1701, ile iliyosema mrithi wa kiti lazima awe Mprotestanti, ila nikizisoma mwenyewe nasinzia, wakati hii stori jamani inaumiza. Huyu mama Anne, malkia wa Uingereza, alibeba mimba 17, nyingi zikaharibika au mtoto anazaliwa ameshakufa, akakua mmoja tu, William, naye akafa ana miaka 11. Nianze na mtoto au na sheria? Naogopa nikianza na msiba watasahau siasa.

Msomaji_wa_Usiku: Mwalimu anza na mtoto, tena anzia kwenye bethdei yake. Ilikuwa Windsor, Julai 24, 1700, usiku akasema amechoka, homa ikapanda, madaktari wakamtoa damu, Julai 30 hayupo tena. Hapo hapo waambie Bunge limebaki halina mrithi Mprotestanti baada ya Anne, sheria itakuja yenyewe.

Mzee_wa_Nasaba: Mimi napinga kidogo. Msiba hautawaeleza kwa nini James, mdogo wake Anne wa baba mmoja, yupo hai uhamishoni na kiti hapewi. Ni dini ile! Watu zaidi ya 50 walikuwa karibu zaidi kwa damu wakarukwa kwa kuwa Wakatoliki. Wasimamishe wanafunzi mstari mmoja, kila mtu na jina lake kifuani, halafu Mkatoliki akae chini, na anayefuata akae chini, mpaka abaki Mprotestanti Sophia wa Hanover, Ujerumani, mjukuu wa James I, mfalme wa zamani wa Uingereza.

Dada_Kumbukumbu: Na Sophia usimpite haraka mwl. Anne hakutaka kabisa aje kukaa Uingereza yeye akiwa hai. Bibi ana miaka 83, Juni 8, 1714 (Mei 28 kwa kalenda ya Waingereza ya wakati huo) anatembea bustanini, mvua inanyesha, anakimbilia kujikinga, anaanguka na kufa. Anne akafa Agosti 1. Miezi miwili na siku chache tu! Ndo kiti kikaenda kwa George, mwanae Sophia, mtu wa miaka 54 na Kiingereza chenyewe cha kubabaisha.

Mleta uzi: Asanteni sana, mmenitoa mbali. Bethdei dakika tano, halafu mstari wa Mzee wa Nasaba, Sophia nampa yule binti anayekaaga nyuma haongei. Mvua nitaigiza mwenyewe.